UZI: Super GT 2020, ubingwa uliobadilisha mikono kona ya mwisho

Mtoto wa Gereji (#1)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye uzi wa Formula 1 kuna mdau kaandika kwamba dereva Naoki Yamamoto "alibebwa na bahati" kuupata ubingwa wa Super GT 2020 kwa sababu mpinzani aliyekuwa mbele yake aliishiwa mafuta. Nimeshindwa kukaa kimya. Naushusha msimu wote hapa kwa vipande, mkimaliza kusoma mje na hoja. Matusi peleka jukwaa la siasa.

Kwa wageni: Super GT ni ligi ya magari ya GT ya Japani. Miaka ya 90 iliitwa JGTC, jina la sasa likaja 2005. Madaraja mawili yanakimbia pamoja, barabara moja, muda mmoja. GT500 ni vita ya Toyota, Honda na Nissan, na magari yake yanafanana na ya dukani kwa sura tu, ukifungua ndani ni mashine ya mbio. GT300 ni kapu la kila kitu: Nissan GT-R, Mercedes, Subaru, na mwaka ule hadi Prius (ndiyo, Prius, na ilikimbia). Usiku au mchana utayatofautisha kwa taa za mbele, GT500 nyeupe na GT300 njano. Kila gari lina madereva wawili wanaopokezana, na katikati ya mbio wanaingia piti kuongeza mafuta, kubadilisha tairi na kubadilishana usukani.

Sasa kitu kinachoitofautisha ligi hii na nyingine: mizigo. Kwa kanuni za 2020, kila pointi uliyopata ilikuwa kilo 2 ulizobebeshwa mbio inayofuata. Mbio ya saba ilishuka kuwa kilo 1 kwa pointi. Mbio ya nane, ya mwisho, mizigo yote ilishushwa na kila mtu akakimbia mwepesi. Kwa GT500, ukizidi kilo 50 hawakuendelea kukujazia vyuma tu, walikubania na mafuta yanayoingia kwenye injini.

Shikeni hilo la mbio ya mwisho. Ndilo lililoleta yote nitakayoyasema.

---

Bi Sukani (#2)

Naweka kambi hapa mkuu. Ila hiyo ya mizigo imenichanganya. Kwa hiyo ukishinda unaadhibiwa?

---

Mtoto wa Gereji (#3)

Dada, umewahi kuona vijana wa draft pale kijiweni? Bingwa wa kijiwe akicheza na mgeni anatoa kete mbili kabla ya kuanza, vinginevyo hakuna atakayekaa kucheza naye. Ndiyo hivyo.

Chukua mfano wa msimu wenyewe. Ushindi ulikuwa pointi 20. Ukishinda mbio ya kwanza, mbio ya pili unaanza na kilo 40 mgongoni, ni kama una abiria wa nyongeza aliyekaa kimya, halafu anayekukimbiza hana kitu. Kwa hiyo akili ya Super GT haiko kwenye kushinda kila wiki. Iko kwenye kujua lini ushinde, na siku ambayo gari ni zito, unaokota pointi 3 au 5 bila kuharibu chochote. Wenye papara wanamaliza mapema.

---

Mtoto wa Gereji (#4)

Tuendelee.

2020 kila mtu anajua ulikuwaje. Korona ilifuta ratiba nzima ya mwanzo, hakuna Okayama, Sugo wala Autopolis, safari za Thailand na Malaysia zikafa. Kilichobaki ni mbio nane za kilomita 300 kwenye viwanja vitatu tu: Fuji mara nne, Suzuka mbili, Motegi mbili. Walianza Julai 19 Fuji, na mbio nne za kwanza zilikimbiwa bila mtazamaji hata mmoja jukwaani.

Na magari yalikuwa mapya. GT500 waliingia kwenye kanuni zinazoitwa Class 1, walizokuwa wakizijenga pamoja na DTM, ligi ya magari ya Ujerumani. Toyota wakaiacha Lexus LC500 wakaja na GR Supra. Honda ndio waliopata kazi kubwa zaidi: NSX ya barabarani injini yake iko nyuma ya dereva, na ndivyo ile ya mbio ilivyokuwa miaka yote kabla. Kanuni mpya zikasema injini mbele kwa wote. Wakalazimika kutengeneza NSX yenye injini mbele, gari ambalo halipo dukani popote duniani. Nissan walibaki na GT-R yao. Injini zote ni silinda nne, lita mbili, turbo. Magari 15: Toyota sita, Honda matano, Nissan manne.

Mbio ya 1, Fuji: Ryo Hirakawa na Nick Cassidy, GR Supra namba 37 ya timu ya TOM'S yenye rangi za mdhamini KeePer, wakashinda. Namba 36, TOM'S hiyohiyo, ikawa ya pili. Watu wakasema msimu umeisha, Supra hazikamatiki.

Mbio ya 2, palepale Fuji, Supra zimebeba mizigo: Koudai Tsukakoshi na Mbelgiji Bertrand Baguette wakaipa NSX ya mbele-injini ushindi wake wa kwanza, gari namba 17 la Keihin. Mbio ya 3 Suzuka ikaenda kwa GT-R namba 23 ya Tsugio Matsuda na Ronnie Quintarelli. Ya 4 Motegi, namba 17 tena. Ya 5 Fuji, siku watazamaji waliporudi, Kazuya Oshima na Sho Tsuboi na Supra namba 14.

Mbio tano, Toyota mbili, Honda mbili, Nissan moja. Umeona kazi ya mizigo hiyo?

Ya 6 naiandikia kipande chake.

---

Kisauni Motaspoti (#5)

Kaka andika hiyo ya Suzuka vizuri, usiipite mbio. Sisi wa Nissan mwaka ule tulikuwa hatuna kingine cha kujivunia. Huku kwetu jina la Nissan kwenye mbio limeanzia mbali, wazee bado wanakusimulia Datsun 240Z ya Safari Rally, Edgar Herrmann 1971 na Shekhar Mehta 1973. Sasa mtu akisikia GT-R inaanza mkiani na inamaliza mbele, lazima moyo uende mbio.

---

Mtoto wa Gereji (#6)

Kisauni nakufahamu, usijali.

Mbio ya 6, Suzuka, Oktoba 25. Kwenye kufuzu, pale wanapopanga nani aanze wapi, Matsuda akaligonga gari. Kwa hiyo Jumapili namba 23 inaanza ya mwisho kabisa GT500. Na Suzuka si mahali pa kupita watu, ni kona zilizounganishwa, ukikosea moja unalipa kwenye tatu zinazofuata.

Timu ikawaza kinyume na wengine: mwenye kuanza mkiani hana cha kupoteza, ngoja tuingie piti mapema. Wakaingia. Haukupita muda, ajali, gari la usalama likatoka.

Hapa lazima mjue kanuni ya wakati ule. Gari la usalama likiwa nje, piti inafungwa. Huingii. Unabaki unazunguka polepole nyuma ya wenzako, na pengo lote ulilolijenga linafutika kwa sababu magari yanabanwa pamoja. Mtu ambaye tayari ameshaweka mafuta na tairi anakaa anachekelea, kwa sababu wote walio mbele yake bado wanadaiwa. Piti ilipofunguliwa wakamiminika, na walipotoka namba 23 ilikuwa mbele. Kutoka mwisho hadi wa kwanza.

Hiyo mbio ilileta kelele sana Japani, na mwaka uliofuata wakaleta utaratibu wa kupunguza mwendo uwanja mzima bila kulitoa gari la usalama kila mara.

Mbio ya 7 Motegi, Novemba 8, mizigo nusu: Tomoki Nojiri na Nirei Fukuzumi, NSX namba 8 ya timu ya ARTA.

Sasa hesabuni wenyewe. Namba 17 ina ushindi mara mbili. Namba 23 mara mbili. 37, 14 na 8 moja moja. Na kuna NSX moja ya buluu, namba 100, Raybrig, ya Naoki Yamamoto na kijana Tadasuke Makino, ambayo mbio saba zimepita haijashinda HATA MOJA. Lakini kila ukifungua jedwali, ipo. Haing'ai, haipotei.

---

Chuma Chakavu (#7)

Mimi ndiye niliyeandika kule Formula 1, na bado nasimama palepale. Mtu ameshinda mbio moja msimu mzima, na hiyo moja kapewa na mwenzake aliyeishiwa mafuta. Huo ni ubingwa gani? Kuna watu wawili walishinda mara mbili, mbona hawakupewa wao?

---

Mtoto wa Gereji (#8)

Karibu Chuma, nilikuwa nakusubiri. Ngoja nimalize kwanza ya Fuji.

Novemba 29, 2020. Mizigo sifuri. Jedwali limebanana kiasi kwamba zaidi ya nusu ya magari ya GT500 yanaweza kuwa bingwa siku hiyo. Na kuna mambo mawili yanaendelea pembeni.

La kwanza, kwenye namba 37 Cassidy hayupo. Amesaini Formula E, ligi ya magari ya umeme, na majaribio yake ya Valencia yameangukia wikiendi ileile. Mahali pake amekaa Kenta Yamashita, bingwa wa 2019. Kwa hiyo 37 ikishinda, bingwa ni Hirakawa peke yake.

La pili, Raybrig ni jina la bidhaa za Stanley Electric, taa za magari, na limekuwa kwenye magari ya Team Kunimitsu tangu enzi za JGTC. Mwaka huo walishatangaza kwamba jina linafutwa. Hiyo Fuji ndiyo mbio ya mwisho ya Raybrig. Na mwenye timu ni mzee Kunimitsu Takahashi, miaka 80 wakati huo, yuleyule ambaye 1961 pale Hockenheim, na Honda ya cc 250, alikuwa Mjapani wa kwanza kushinda Grand Prix ya pikipiki.

Mizunguko 66. Baada ya kupokezana, Hirakawa yuko mbele na Yamamoto yuko nyuma yake. Nimeirudia mbio hii mara nyingi na kinachonishika kila mara si mwisho, ni mizunguko ya kabla yake. Yamamoto anamsogelea hadi unaona pua ya buluu kwenye kioo cha Hirakawa. Hirakawa anajibu, anavuta pengo. Yamamoto haachii. GT300 ziko kila mahali, unazipita kushoto, unazipita kulia, kila ukikwama nyuma ya taa za njano pengo linapungua, kila mwenzako akikwama linaongezeka. Hirakawa hakupata hata mzunguko mmoja wa kuendesha kwa utulivu.

Mzunguko wa mwisho pengo ni sekunde chache, linatosha. Mafundi wa TOM'S wameshapanda kwenye ukuta wa piti kumsubiri. Fuji sehemu ya tatu ni mlima na kona za taratibu, kisha kona ya mwisho, kulia, halafu unaufungukia mnyoofu wa karibu kilomita moja na nusu. Hirakawa anaipiga ile kona, anakanyaga. Gari halijibu. Linaserereka tu kwa kasi iliyobaki nayo. Kamera iko mbele, kwa hiyo unaona Supra inakua polepole mno kwenye kioo, na nyuma yake NSX inakuja kama iko kwenye mbio nyingine. Inaipita Supra bendera ya mwisho ikiwa tayari inaonekana. Mtangazaji wa Kijapani anapiga ukelele, maneno hayaeleweki, na hayahitajiki.

Hirakawa akavuka mstari akiwa wa pili, kwa mserereko. Kushinda ilikuwa pointi 20, ya pili 15. Pointi tano zimeongezeka upande huu, tano zimepungua upande ule, na ubingwa ukaenda nazo.

---

Bi Sukani (#9)

Nimetafuta video nikaiona. Uso wa yule baba wa TOM'S aliyekuwa ukutani, mikono juu halafu mikono inashuka yenyewe... Jamani.

---

Chuma Chakavu (#10)

Umeandika vizuri lakini umenisaidia mimi. Gari liliishiwa mafuta. Yamamoto hakumpita kwa uwezo. Wangemwekea lita moja zaidi tu, leo uzi huu usingekuwepo.

---

Mtoto wa Gereji (#11)

Na hiyo lita moja ni bure?

Chuma, sikia. Ukiwa piti mafuta yanaingia kwa muda, na wakati mpira umechomekwa tairi haziguswi. Kila lita unayoongeza ni muda umesimama. Kwa hiyo kila timu inaweka kiasi kidogo inachoamini kitafika, hakuna anayejaza tangi ili alale salama. Hilo ni kamari ya wote 15, siyo ajali iliyomkuta mmoja.

Sasa, mafuta yanaliwa kwa namna unavyoendesha. Ukiwa huna mtu nyuma, unaachia pedali mapema kabla ya kona, unaserereka, unaokoa matone. Ukiwa na Yamamoto kwenye kioo, huachii. Unakanyaga hadi mwisho wa mnyoofu, kila mzunguko. Maoni yangu, na siwezi kuyahama: zile juhudi za kumkimbia Yamamoto katikati ya mbio ndizo zilizokunywa mafuta ya kona ya mwisho.

Kuhusu walioshinda mara mbili: pointi zinahesabiwa mbio nane. Ukishinda leo halafu kesho ukiwa mzito unatoka mikono mitupu, umepigwa na mfumo. Namba 100 ndiyo iliyouelewa mfumo kuliko wote.

---

Bi Sukani (#12)

Naomba niongeze. Hata kama ni bahati, bahati ilimkuta yupo sekunde chache nyuma. Angekuwa sekunde 20 nyuma, Hirakawa angeserereka hadi mstarini na kushinda. Na angekuwepo mwingine mahali pa Yamamoto, huyo mwingine ndiye angekuwa bingwa au labda Hirakawa bado. Kwa nini alikuwa yeye?

---

Chuma Chakavu (#13)

Hoja ya dada nimeipokea nusu. Ile ya mafuta kuliwa na presha naitaka kwa ushahidi, siyo kwa hisia za shabiki wa Honda. TOM'S wangeweza tu kuwa walikosea hesabu, basi. Nusu nyingine namwonea huruma Hirakawa.

---

Kisauni Motaspoti (#14)

Hirakawa huruma ni haki yake, maana si mara ya kwanza. 2018 pale Motegi, mbio ya mwisho, yeye na Cassidy walikuja na pointi sawa kabisa na gari hilohilo namba 100. Ndani ya Raybrig yuko Yamamoto na nani? Jenson Button, bingwa wa Formula 1 wa 2009! Mizunguko ya mwisho Hirakawa akawa anamsakama Button, akashindwa kumpita. Button na Yamamoto wakachukua. Kwa hiyo mara mbili ndani ya miaka mitatu, namba ileile, dereva yuleyule. Mtu mwingine angeacha kazi.

Yeye hakuacha. 2022 akaenda na Toyota Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa, na akashinda pamoja na Buemi na Hartley, na ubingwa wa dunia wa WEC, ligi ya mbio ndefu za masaa mengi, akauchukua 2022 na 2023. Wallahi sasa hivi sidhani ana deni na mtu.

---

Mtoto wa Gereji (#15)

Kisauni umenimalizia kazi. Na Yamamoto Desemba ya 2020 hiyohiyo akachukua na Super Formula, ligi ya magari ya kiti kimoja ya Japani, mataji mawili mwaka mmoja, kitu alichokwisha kukifanya 2018. Mtu wa kubebwa na bahati habebwi mara nne.

Ila kwa haki, niwape na upande wa pili, Chuma afurahi. Novemba 28, 2021. Fuji tena. Mbio ya mwisho tena. Yamamoto anaongoza jedwali, yuko na Makino tena, gari sasa linaitwa Stanley. Wako katikati ya mbio, hawana haja ya kushinda, wanalea pointi. Kona ya kwanza, gari la GT300 linashindwa kusimama na kuwafumua ubavuni. Gari lenyewe ni NSX. Honda mwenzao! Ubingwa ukaenda TOM'S, namba 36, Yuhi Sekiguchi na Sho Tsuboi.

---

Chuma Chakavu (#16)

Hahaha. Hapo sasa. Na hiyo utaiita nini, mfumo?

---

Mtoto wa Gereji (#17)

Hiyo naiita bahati mbaya, na ndiyo tofauti ninayoisema tangu mwanzo. Kugongwa ubavuni na mtu wa daraja jingine ukiwa kwenye mstari wako, hukuchangia chochote. Kuishiwa mafuta ulichangia.

---

Bi Sukani (#18)

Na GT300 ya 2020 alichukua nani? Umeisahau kabisa mkuu.

---

Mtoto wa Gereji (#19)

Sijaisahau, nilikuwa naogopa uzi kuwa mrefu. Kiyoto Fujinami na Mbrazili João Paulo de Oliveira, GT-R namba 56 ya Kondo Racing. Mwenye timu wakati ule, Masahiko Kondo, ni mwimbaji maarufu sana Japani tangu miaka ya 80. Ila kinachonifurahisha mimi ni jina lililoandikwa kwenye gari: chuo cha ufundi wa magari cha Nissan. Wanafunzi wa chuo wanaingia kwenye timu, wanafanya kazi pamoja na mafundi siku ya mbio. Hebu fikiria uko chuoni, mtihani wako wa vitendo ni gari linaloshindania ubingwa wa nchi, na mwisho wa mwaka linauchukua. Na 2022 walewale wawili wakauchukua tena.

---

Kisauni Motaspoti (#20)

Mzee Kunimitsu alifariki Machi 2022, Mungu amrehemu. Aliuona ubingwa wa siku ile ya Fuji, na alikuwa hai kuuona wa 2021 ukiponyoka.

Bi Sukani, kama unaanza kuangalia, usianze na hiyo ya Novemba ambayo tumeshakutolea utamu wote. Anza na Suzuka ya Oktoba. Weka macho kwa namba 23 tangu wanapanga foleni, halafu uje hapa utuambie wewe ungeingia piti mzunguko wa ngapi.